Abiria wa Mongbwalu Agombewe, Asigawanywe

Kutoka Bunia hadi mji wetu wa Mongbwalu ni kilomita 85 hivi. Kwa gari zima na barabara iliyopigwa greda, mtu aliyeondoka Bunia saa moja asubuhi angefika kabla ya chakula cha mchana, akafanya shughuli zake, na kesho yake akarudi. Sisi tunaaga. Mama anayepeleka samaki wa Tchomia kwenye soko la Mongbwalu huwaachia watoto wake maagizo kana kwamba anavuka bahari, na kijana anayeshuka Bunia kujiandikisha chuo kikuu huombewa nyumbani kabla ya kupanda pikipiki. Tumezoea. Na mazoea hayo yananikera kuliko vumbi na matope, kwa maana tumeshakubali kwamba mtu wa Djugu, hapa mkoani Ituri, akisafiri anabahatisha.

Tazameni tunavyobebwa. Wengi wetu tuko juu ya pikipiki, wawili au watatu nyuma ya dereva, na gunia limefungwa kwa mpira. Mwenye makuta kidogo anapanda jeep, anabanwa na wenzake hadi miguu inakufa ganzi. Asiyeweza hayo anakaa juu ya mzigo wa Fuso, kati ya kreti za bia na magunia ya unga, ameshika kamba, anaomba mvua isinyeshe. Hakuna anayempa abiria tiketi. Hakuna anayemwambia saa ya kuondoka wala saa ya kufika. Nauli inapanda mvua ikinyesha, inapanda wakisema jana kulikuwa na risasi, inapanda Noeli ikikaribia. Jeep ikipinduka mtoni, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba abiria huyo alikuwa ndani yake.

Kila tukiuliza kwa nini, tunajibiwa kwa maneno mawili: vita na barabara. Sikatai hata moja. Nani Mongbwalu amesahau tarehe 8 Mei 2022, siku watu zaidi ya 30 walipouawa kwenye mgodi wa Camp Blanquette? Nani asiyejua hofu ya kupita Iga Barrière na Nizi, kwenye barabara hii hii, miaka hii? Lakini nawauliza wanaojibu hivyo: bia inafikaje? Mafuta yanafikaje? Saruji, mabati, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, vyote hivyo vimepita barabara ipi? Mizigo ya wakubwa imepata njia, na dhahabu yetu hutoka kila siku bila kukosa usafiri. Anayekosa ni abiria. Kwa hiyo iko sababu ya tatu, na wakubwa hawapendi kuitaja: abiria wetu amekwisha kugawanywa. Mwenye bunduki ana fungu lake, mwenye muhuri ana lake, mwenye zamu kituoni ana lake. Kampuni ikija leo na mabasi mazuri, na nauli nafuu, na saa ya kuondoka inayoheshimiwa, inamkuta abiria ameshaliwa.

Nianze na mwenye bunduki, kwa kuwa ndiye mkubwa wao.

Kamba inavutwa katikati ya njia, au mwanzi unalazwa. Mnashuka. Kadi ya uchaguzi mkononi, foleni, macho chini. Anayesahau kadi analipa zaidi, anayejibu kwa sauti analipa zaidi, mwenye mzigo analipa kwa ajili ya mzigo. Mnapanda, mnakwenda kidogo, kamba nyingine. Wapiganaji wa CODECO wametoza, wa kundi la Zaïre wametoza, na askari wanaolipwa na taifa ili watulinde nao wametoza. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameyaandika haya katika ripoti zao, na mashirika ya raia ya Djugu yameyalalamikia hadi sauti zimekauka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila aliye ndani ya nchi haki ya kuzunguka kwa uhuru. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Sheria ya kamba ilipigiwa kura na nani?

Mji wetu unaijua hadithi hii tangu zamani. Barabara za kwanza za magari hapa zilifunguliwa kwa ajili ya migodi, baada ya dhahabu ya Kilo kupatikana mwaka 1903, na tangu hapo kila anayeitaka dhahabu huanza kwa kuishika njia. Kati ya Juni 2002 na Septemba 2004, makundi yaliyopigania Mongbwalu yaliua raia wasiopungua 2,000, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2005 ilionyesha pia kwamba hata kampuni kubwa ya AngloGold Ashanti ilikuwa imewalipa wapiganaji wa FNI, na kampuni yenyewe ilikiri. Ikiwa kampuni ya kimataifa, yenye mawakili na ndege, ililipa, muuza samaki atafanya nini?

Sasa nisikilizwe vizuri. Watu huiona kamba kuwa wizi tu. Ni wizi, lakini inafanya kingine kibaya zaidi: inaua ushindani kabla haujazaliwa. Kampuni ya mabasi inaishi kwa hesabu. Inajua mafuta yake, matairi yake, mshahara wa dereva, bima, na kutokana na hayo inapanga nauli na kuitangaza. Utapangaje nauli ambapo kodi ya njia inabadilika kwa sura ya aliyeshika kamba na kwa kiasi alichokunywa? Tena basi ni kubwa, halijifichi. Watu 50 wakishushwa kwenye kila kamba kukaguliwa mmojammoja, safari ya asubuhi inaingia usiku. Pikipiki inakwepa kwa vichochoro, jeep ya mtu fulani inapungiwa mkono na kupita. Ndiyo maana mshindi wa barabara hii si mwenye gari bora. Mshindi ni anayefahamiana na mshika kamba. Na mfanyabiashara mwenye mtaji halali, asiye na mjomba jeshini wala ndugu porini, anaangalia haya yote, anapeleka makuta yake kwingine.

Hata mfanyabiashara huyo angevuka kamba zote, bado kuna kituo.

Hapa naomba msomaji asichoke, maana hapa ndipo ujanja ulipo. Kwenye vituo vyetu magari hupakia kwa zamu. Gari la kwanza likijaa ndipo la pili lianze. Wanaoutetea utaratibu huu wanasema ni haki, kila mwenye gari apate riziki. Haki kwa nani? Gari jipya na gari lililofungwa kwa waya yanasimama katika foleni moja, nauli moja, na abiria hana ruhusa ya kuchagua. Basi mwenye gari atengeneze breki kwa sababu gani? Anunue tairi jipya kwa faida gani? Abiria wake ataletwa na foleni hata kama mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna saa ya kuondoka, maana gari linaondoka likijaa, na mgonjwa anayekwenda hospitali za Bunia anasubiri mtu wa mwisho apatikane. Mawakala wananyang'anyana mabegi kwa makelele, tunadhani ule ni ushindani. Wanagombea kamisheni tu. Bei haishuki hata franka moja, na kiti hakiwi salama zaidi.

Anayemiliki kituo ndiye anayeamua nani afanye biashara. Hili halikuanzia kwetu. Uingereza ilifungua safari za mabasi ya mbali kwa ushindani Oktoba 1980, baada ya sheria ya mwaka 1930 kuwalinda wakongwe kwa miaka 50. Mara kampuni kadhaa zikaungana, zikajiita British Coachways, zikashusha nauli. Abiria walifurahi. Lakini kituo kikubwa cha London, Victoria Coach Station, kilikuwa mikononi mwa mpinzani wao, National Express. Wageni wakalazimika kupakia mahali pengine, mbali na pale abiria alipozoea kwenda. Muungano ule ulivunjika ndani ya miaka michache, na mkongwe akabaki akitawala. Mwaka 1988 ndipo kituo kilipokabidhiwa mamlaka ya usafiri ya umma ya London, wakati mchezo ulikuwa umekwisha. Sheria ilikuwa imefungua barabara na kuacha mlango wa kituo umefungwa.

Ujerumani nayo ilifungua tarehe 1 Januari 2013, ikivunja ulinzi uliokuwa umepewa reli tangu miaka ya 1930. Kampuni zikamiminika, nauli zikaporomoka, kisha FlixBus ikaungana na MeinFernbus mwaka 2015, ikaimeza Postbus mwaka 2016, hadi ikashika karibu soko zima. Nayataja haya kwa sababu sitaki mtu aniambie kwamba ukifungua mlango basi kazi imekwisha. Mlango unahitaji mlinzi, na mlinzi huyo asiwe mmoja wa wafanyabiashara.

Majirani zetu wamejifunza kwa maumivu. Kenya ilipowaruhusu wenye matatu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi, kwa agizo la Rais Kenyatta mwaka 1973, watu walipata usafiri ambao kampuni iliyokuwa imehodhi mabasi ya Nairobi haikuwapa. Wakapata pia mwendo wa kichaa na maiti barabarani, na makundi ya kihuni yakashika vituo, kwa sababu serikali ilikuwa imefungua soko ikaondoka. Iliporudi mwaka 2004, kwa kanuni za waziri John Michuki, ilikuja na vidhibiti mwendo na mikanda. Tanzania imekwenda kwa njia ambayo naiheshimu zaidi. Kampuni nyingi zinashindana kwenye njia moja, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inaweka nauli kikomo, inasimamia tiketi na kuadhibu mabasi yanayokimbia. Mwaka 2023 hata marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyokuwapo tangu miaka ya 1990, iliondolewa. Mtu wa Mwanza leo anachagua basi la kwenda Dar es Salaam kama anavyochagua shati, kwa bei, kwa rangi na kwa sifa. Kwa nini mtu wa Mongbwalu asichague?

Tusiambiwe kwamba Kongo haiwezi. Kongo imeweza. Bima ilikuwa ya SONAS, kampuni ya serikali, peke yake kwa miongo mingi, hadi sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipovunja ukiritimba huo, na kampuni binafsi zikaanza kupewa vibali mwaka 2019. Angalieni simu mlizoshika. Hapa Mongbwalu kijana wa machimbo ana laini ya Vodacom na ya Airtel, anahama asubuhi na jioni kufuata bei, na hakuna anayemwambia asubiri zamu ya mtandao. Iko hata sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, yenye kukataza mapatano ya siri ya bei na kukandamiza washindani. Sheria ipo, na bado haijapanda gari kuja Ituri.

Najua nitakayoambiwa. Utawaua vijana wa pikipiki, watasema, na wengi wao wameacha bunduki wakashika usukani. Nawapenda vijana hao kuliko wanaowatumia kama kisingizio. Wao ndio wanaovuliwa makuta kwenye kila kamba, wao ndio wanaokutwa wamekufa kando ya njia usiku. Basi kubwa haliwezi kuingia kwenye njia za machimbo, halipandi milima kwenda vijijini, halimchukui mjamzito mlangoni kwake. Kazi hiyo ni ya pikipiki na itabaki yao, nayo itaongezeka, kwa sababu mabasi yakileta watu 50 kwa saa inayojulikana, watu hao 50 watahitaji kufikishwa majumbani. Kinachowaua vijana ni kuwabebesha safari ya kilomita 85 ambayo pikipiki haikutengenezwa kwa ajili yake.

Watasema tena: usalama kwanza, biashara baadaye. Hapana. Barabara yenye watu ni barabara yenye macho. Pale kila mtu anapopita kivyake, kwa kificho, mshika kamba anapata mawindo yake mmojammoja. Tumejaribu misafara ya kijeshi kwenye barabara ya Komanda kwenda Luna, na hata msafara ulishambuliwa Septemba 2021. Sisemi mabasi yatawashinda waasi. Nasema utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6 Mei 2021 ulituahidi kwamba tutapita, na kipimo cha kupita ni raia wa kawaida kukaa kwenye kiti alichokilipia, akafika, bila kumfahamu afisa yeyote. Makundi yenye silaha yalitia saini ahadi zao pale Aru mnamo Juni 2023. Saini isiyoondoa kamba barabarani haijatufikia.

Lakini ninachokiogopa kuliko vyote hivyo ni suluhisho la haraka. Siku moja atakuja tajiri na mabasi kumi yenye rangi nzuri, atapiga picha na wakubwa mbele ya ofisi ya mkoa, na atapewa njia ya Mongbwalu peke yake, kwa mkataba wa kipekee, kwa jina la maendeleo. Tutapiga vigelegele. Mwaka wa kwanza viti vitakuwa safi, mwaka wa pili nauli itapanda, mwaka wa tatu basi litaharibika Nizi na hakutakuwa na lingine. Atakayelalamika ataambiwa ateremke atembee. Tumekwisha kuona njia ya dhahabu ikipewa mmoja mmoja kwa zamu, Mbelgiji, kampuni ya serikali ya Okimo, mpiganaji, mgeni, na kila mmoja aliahidi. Abiria asikabidhiwe kwa mtu.

Mheshimiwa gavana, wewe unashika mamlaka ya kijeshi na ya kiraia mkononi mmoja, huna wa kumsingizia. Kamba zote zisizo na sheria zifunguliwe kati ya Bunia na Mongbwalu, kuanzia zile za askari wako mwenyewe, kwa maana hizo hazihitaji mazungumzo na mtu yeyote. Kodi halali ilipwe mara moja, mahali pamoja, kwa risiti, na bei yake ibandikwe ubaoni kwa Kiswahili. Mfuko wa barabara wa FONER upo kwa sheria tangu mwaka 2008, unachukua makuta kwenye mafuta tunayonunua. Tuonyeshwe kilomita zake hapa Djugu. Kituo kiwe mali ya umma, kisimamiwe na mtu asiye na gari hata moja, na kila mwenye gari lililokaguliwa na lenye bima apakie kwa saa aliyoitangaza, awe ametoka Bunia, Butembo au Arua. Iwekwe nauli kikomo, na anayetaka kushuka chini yake aachwe ashuke, asipigwe wala kufukuzwa kituoni kwa kosa la kuwapunguzia watu bei.

Na ninyi wafanyabiashara wa shirikisho la FEC mnaolalamika kwamba Mongbwalu ni ghali, wekeni mtaji wenu kwenye viti vya watu kama mnavyouweka kwenye kreti. Wamama wa soko la samaki na wa mihogo, ninyi ndio mlio wengi kwenye barabara hii na nauli zenu ndizo zinazowalisha wote hao. Kataeni kupanda gari lisilotoa karatasi. Daini tiketi yenye jina, tarehe, nauli na saa ya kuondoka. Mwenye gari akikataa kuitoa, apite mwingine atakayekubali, na kituo kikimzuia huyo mwingine, nendeni wote pamoja na mizigo yenu mkakae mbele ya ofisi ya territoire hadi azuiliwe aliyemzuia.